Injini Uliyoambiwa Umeiua

Atupele mwanangu,

Nimekaa kwenye benchi la gereji na daftari lako la zamani, kwa sababu nyumbani hakukaliki. Mama yako mkubwa na wenzake wa kwaya wanakufungia mizigo tangu kumekucha, na kila mmoja ana lake la kukuusia: sweta, sala, shangazi yako wa Njombe anapenda nini na hapendi nini. Sitagusa hata moja. Wataongea mpaka wachoke, na mengi wanayosema ni kweli.

Mimi nina jambo moja tu, nimelikalia miezi minane. Kesho asubuhi unaondoka Tukuyu, na watu wa Kinyala tunakokusanya maziwa, wa mtaani na wa kanisani wanaamini kwamba wewe ndiye uliyeua injini ya pikapu. Hukuiua. Niliiua mimi, polepole, kwa miaka kumi na tatu, na nilikuja kulijua hilo wiki moja tu baada ya kukuacha ubebe lawama. Wewe uliyekuwa na mkono wa ufundi kunizidi ukavua ovaroli, ukaiacha na nafasi ya chuo cha ufundi, ukasema wewe na magari basi, na sasa unakwenda kuuza vitambaa dukani kwa shangazi yako.

Nimeandika hayo na sikuhisi kitu. Nakwambia mapema ili usisome ukitafuta machozi, hakuna. Nimekuwa hivi tangu mama yako afariki na wewe unajua kuliko mtu mwingine. Mkono unaandika, mimi nauangalia tu.

Wacha nianzie kwenye ile safari ya Kyela. Ulikuwa na miaka tisa, umekaa katikati yetu, umelalia mapaja ya mama. Tulikuwa tumetoka harusini, nyuma tumepakia magunia ya mchele kama mtu yeyote anayetoka kule. Unakumbuka joto la Kyela lilivyo, halafu unaanza kupanda huku kwetu, kona baada ya kona, gia ya pili, gia ya kwanza. Mshale wa joto ukapanda mpaka kwenye nyekundu. Mvuke ukatoka chini ya boneti, nikasimama pembeni.

Nilichotakiwa kufanya unakijua, nimekufundisha mwenyewe: zima, fungua boneti, kaa chini ya mti, subiri hata saa nzima. Lakini madereva walikuwa wanapita, wananitambua, wanapiga honi na kucheka, fundi naye kachemsha. Nikaona aibu. Nikakunja kitambaa, nikashika mfuniko wa rejeta nikaufungua ukiwa wa moto. Mama yako alikuwa ameniletea kidumu cha maji, amesimama begani kwangu. Maji yaliporuka, mimi niliruka pembeni. Yeye alikuwa na kidumu mikononi, hakuruka.

Lile kovu la mkononi na shingoni ulikua ukiliona, ukaambiwa ni ajali ya gari. Ni kweli, lakini haikuwa gari peke yake. Hakuwahi kunilaumu. Alianza tu kuvaa mikono mirefu, hata siku za jua, na mimi nikaanza kuogopa moto.

Nilipofungua rejeta siku zilizofuata nilikuta imeziba. Tope tupu. Kila maji yalipopungua nilikuwa najaza ya mtoni, na mchanga wake ukajikusanya humo miaka na miaka. Nikaisafisha mpaka maji yakapita kama bomba. Kazi ilitakiwa kuishia hapo. Fundi mwenye akili timamu angefunga boneti akaenda kula.

Mimi sikuishia hapo. Nilikwenda Mbeya nikatafuta themostati ya baridi. Wewe huna haja ya kuelezwa, lakini naandika ili nijione nikieleza: ile ya asili inaziba njia ya maji mpaka yafike nyuzi themanini na mbili, ndipo inayaachia yaende kupoa kwenye rejeta. Ile niliyonunua ilikuwa inaachia kwenye sabini na moja. Nikajiambia, ikifungua mapema, gari litakaa mbali na moto. Nikaifunga, nikapakia mzigo, nikashuka Kyela na kupanda, na halikuchemsha. Sifa zote nikazipa themostati. Rejeta safi sikuikumbuka hata.

Tangu siku hiyo nikawa naifunga kwa kila mtu. Ikikosekana madukani, naitoa ya asili kabisa naacha tundu wazi. Watu walifurahi kuona mshale umelala chini. Nilisifiwa kwamba magari yangu hayachemshi, na sifa ikishakuingia kichwani ni ngumu kuitoa. Hakuna aliyeuliza hayo magari yanakwenda Kyela mara ngapi. La kwetu lilishuka labda mara mbili kwa mwaka. Siku zilizobaki lilikuwa Kinyala kwenye ukungu, linakusanya maziwa: linatembea dakika tano, linazimwa, ndoo zinapimwa, linawashwa, linatembea tena dakika tano. Baridi ile, na ndani yake nimeliwekea baridi nyingine.

Halafu mama yako akafariki. Ulikuwa na miaka kumi na saba. Watu walinisifu msibani kwamba nimejikaza kiume. Sikujikaza. Nilisubiri kilio kije, kama mtu anayesubiri gari ambalo limeshapita, na hakikuja. Siku ya arobaini nilifungua gereji nikabadilisha klachi ya mtu. Usije ukadhani nafananisha moyo wangu na injini. Injini ningeifungua nione. Nilikula, nililala, niliitikia salamu. Kama ulinisubiri jioni zile tukae tumwongelee, nami nikawasha redio, basi ndiyo hivyo, niliwasha redio. Nilidhani kukaa baridi ni kukaa salama, na kwamba wewe nakukinga.

Ukaanza kuja gereji ukitoka shule. Sikukuita, ulikuja mwenyewe, ukashika spana. Baada ya mwaka ulikuwa unasikia tatizo kabla sijainua boneti. Nilikuwa napenda sana uwe pale. Naliandika hili kwa sababu nimejaribu kukumbuka ni siku gani nilikwambia, nikakuta hakuna.

Nakumbuka ulivyonijia na kijiti cha oili mkononi, mwaka juzi, msimu wa mvua. Ulikuwa na orodha yako kichwani. Mfuniko wa oili ulikuwa na ute mweupe kama chai ya maziwa. Petroli ilikuwa inaisha haraka kuliko magari ya wenzetu. Hita haikutoa hata vuguvugu, ulikuwa unaendesha Kinyala huku unafuta kioo kwa taulo. Ukasema, "Baba, hii injini haijawahi kupata joto lake. Maji yanabaki kwenye oili kwa sababu haipati moto wa kuyakausha. Naomba turudishe themostati yake."

Ulisema kweli, neno kwa neno. Nilijua ni kweli. Ningeweza kukwambia nipe siku mbili nifikirie. Badala yake nilikuuliza, "Mkono wa mama yako uliuona, au hukuuona?"

Ukafuta kijiti, ukakirudisha, ukaenda kunawa. Nilichukua kovu la marehemu nikashindia ubishi wa gereji. Katika makosa yote niliyoandika humu hilo ndilo linalonirudia mara nyingi, na kila likirudi nalitazama kama vile ni la mtu mwingine.

Siku yenyewe nitaiandika kwa kifupi, ulikuwepo. Ulikuwa unatoka Kinyala na maziwa ya watu saba. Taa ya oili ikawaka, ukasimamisha palepale, lakini injini ilikuwa imeshaanza kugonga. Kabla hujapata gari la kulivuta, maziwa yakaganda. Mlipofika gereji, wenye maziwa walikuwa wamejaa, na mwenyekiti wa kikundi cha maziwa akaniuliza mbele ya wote, "Fundi, huyu binti aliangalia oili kweli?"

Swali lilikuwa langu, si lako. Wewe ulikuwa umesimama pale na mafuta mpaka kwenye nyusi. Nami nikasema, "Nilimwambia aangalie."

Maneno mawili. Sikusema uongo hata, nilikuwa nimekwambia kweli. Ndivyo waoga wa umri wangu wanavyosema uongo. Uliniangalia kidogo tu, kisha ukasema, "Nisamehe, baba." Kesho yake ukafunga kanga, ukaenda Kinyala kwa miguu, ukapita nyumba zote saba, ukapiga magoti kwenye kila mlango kama binti wa kwetu anavyoomba radhi kwa wakubwa. Mimi nilikuwa hapahapa kwenye benchi. Ulirudi jioni magoti yana udongo mwekundu, na mimi nikakuuliza kama umekula.

Wiki iliyofuata, ulipokwenda sokoni, nilishusha sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, peke yangu. Oili ilikuwa kwenye kipimo, haikupungua hata kidogo. Lakini chini kabisa kulikuwa na rojo jeusi, zito, kama lami iliyochanganywa na ugali. Lile chujio dogo linalovuta oili lilikuwa limezibwa lote. Oili ilikuwepo na haikuweza kupanda, metali zikasagana. Hilo rojo halijengeki kwa siku moja ambayo binti hakuangalia oili. Linajengwa na injini isiyopata joto, asubuhi baada ya asubuhi, na fundi mwenyewe ambaye magari ya watu anayabadilishia oili kwa wakati, la kwake analisogeza mwezi ujao.

Chujio nikalificha chini ya benchi, nikarudisha sampo, nikakaza nati zote, nikafunika injini kwa turubai. Nikanawa mikono. Uliporudi na nyanya ukanikuta nakunywa chai. Sikuhisi hatia, Atupele. Nilikaa nikiisubiri kama nilivyosubiri kile kilio, na kutokuja kwake kukanitisha kidogo, kisha hata hofu yenyewe ikapoa.

Mtu akikuuliza huko uendako, mwambie hivi. Themostati ya baridi haiongezi nguvu ya kupoza hata tone. Kama rejeta imeziba, au feni haivuti, au pampu ya maji imechoka, gari litachemsha vilevile, litachelewa dakika chache tu. Labda kwa mtu anayebeba mzigo mzito kwenye joto kali kila siku ya Mungu, kuna kaunafuu, na hata huyo asafishe rejeta kwanza. Kwa gari la huku kwetu, la ukungu na safari fupifupi, ni sumu ya polepole. Isiyokuwepo kabisa ni mbaya zaidi. Mimi niliponya ugonjwa ambao nilikuwa nimeshauponya, na dawa niliyoendelea kutoa ndiyo iliyoua. Tangu mwezi uliopita nawaita wateja wangu mmoja mmoja nawarudishia themostati za asili. Wanauliza kwa nini. Nasema nimebadili mawazo. Nimekuwa jasiri kwa kila mtu isipokuwa wewe.

Naacha kuandika kwanza. Mvua imekatika na nataka nifike Kinyala kabla haijarudi. Nachukua lile chujio.

Nimerudi. Sasa ni saa kumi jioni.

Nilikwenda na bodaboda. Nilikuwa nimepanga kupita nyumba zote saba, kwa mfuatano uleule uliopita wewe, niwaonyeshe chujio, niseme nililokuja kusema, nirudi. Nilianza kwa Mama Bupe, yule wa kwanza barabarani, mwenye ng'ombe mweusi. Nikamsalimia kwa lugha ya nyumbani, ugonile, akanikaribisha, akanipa kigoda. Nikakataa kukaa. Nikamwonyesha chujio, nikaeleza. Nilieleza vibaya, nikaanza na nyuzi na rejeta na Kyela, mpaka nikaona anapotea. Mwishowe nikasema tu kwamba oili ilikuwepo, binti yangu hakukosea, kosa ni langu, na nililijua muda mrefu.

Hakushtuka. Akalichukua chujio, akaligeuza, akanirudishia. Akasema, "Sisi tulijua, fundi. Mtoto alikuwa anafungua boneti hapa kwangu kila siku wakati maziwa yanapimwa. Ile asubuhi pia. Kitambaa cha kufutia kijiti nilikuwa nampa mimi."

Nikamuuliza kwa nini basi hakuna aliyesema. Akaniangalia kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni mimi. Akaniambia hakuna mtu wa Kinyala anayeweza kumbishia baba mbele ya mtoto wake. Kisha akasema na sababu ya pili. Kwamba ile siku uliyokuja kupiga magoti, yeye alikuinua, akakwambia usijitwike kitu ambacho si chako, atakuja yeye mwenyewe kuniambia. Na wewe ukamshika mkono ukamkataza.

Haya ndiyo maneno yako kama alivyonipa, na nimeyaandika kwenye karatasi ya sigara ya yule wa bodaboda ili nisikosee: "Mwacheni baba. Hajalia tangu mama afe. Akijua ni yeye, atafikiri amemuunguza mama bure."

Nilikaa kwenye kile kigoda.

Asubuhi niliandika hapa juu kwamba hakuna machozi, na sitalifuta, lilikuwa kweli wakati ule. Sijui niite nini kilichonipata pale. Haikuwa kulia kama watu wanavyolia. Taya zilianza kugongana kama za mtu mwenye malaria, na niliona baridi kali. Mama Bupe akanifunika kanga mabegani akaenda kukamua ng'ombe wake. Nilikaa muda mrefu. Nyumba nyingine sita sikufika kwa sababu watu walianza kuja wenyewe, wakakaa ukutani, na mimi nikalirudia jambo lile kwa kila aliyekuja. Mwenyekiti alikuja wa mwisho. Aliponisikiliza alisema ndaga, yaani asante, akatazama chini, akasema na yeye alikosea kukuuliza vile mbele za watu.

Kwa hiyo umejua siku zote, ya injini na ya ule mfuniko wa rejeta pia. Hilo bado linaniingia taratibu. Nilidhani nakaa na siri, kumbe nyumba nzima ya watu wawili tulikuwa tunalindana na kitu kilekile. Wewe ulikuwa unanichemshia chai, unanifulia ovaroli, unajua. Umeitupa kazi unayoipenda ili baba yako asije akafika kwenye lile wazo. Nami wazo hilo nimelifikia leo, mwanangu, peke yangu, na ni kweli: mama yako aliungua kwa sababu niliona aibu mbele ya madereva, na baada ya hapo sikujifunza aibu, nilijifunza kuogopa moto tu. Nililifikia nikiwa nimefunikwa kanga ya watu, na sijafa. Limeuma. Bado linauma ninavyoandika, hapa chini ya mbavu, na nakuandikia hivyo kwa sababu wewe ndiye utakayeelewa kwamba ni habari njema.

Sikuandikii ili ubaki. Kama Njombe unaitaka kwa moyo wako, nenda, shangazi yako anakupenda na duka ni kazi ya heshima. Lakini kama unakwenda kwa ajili yangu, ili nisione mikono yako gereji nikakumbuka, basi sababu hiyo imekwisha leo nyumbani kwa Mama Bupe. Ovaroli lako nimelitoa stoo, liko juu ya benchi. Nafasi yako ya chuo cha ufundi uliyoiacha, nimemuuliza mwalimu kwa simu. Anasema mwakani ipo ukiitaka. Uamuzi ni wako, sitautia mkono.

Nimewaomba watu wote saba waje kesho asubuhi stendi kukuaga. Mama yako mkubwa hajui wanakuja kufanya nini. Nataka niseme mbele yao na mbele yako, kwa sauti, yale niliyoyasema leo, nikianza na jina lako. Nimejaribu mara mbili hapa gereji, peke yangu, na mara zote mbili niliishia kwenye jina.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja, na ndilo pekee humu ndani ninalokuomba. Ukiniona nimesimama nimenyamaza, konda akiita na watu wakipanda, usinionee huruma tena ukapanda. Simama chini. Nisubiri mpaka niseme.

Baba yako